Kihispania: wakati ujao unaundwaje? "Vamos a salir" au "saldremos"?

Mwongozaji_Iringa
Habari za jioni wadau. Naandaa maelezo ya Kihispania kwa wageni wanaokuja Ruaha msimu wa kiangazi. Salamu na majina ya wanyama siyo shida. Kinachonisumbua ni ratiba ya kesho: tutatoka saa ngapi, tutapita wapi, tutaona nini. Sehemu moja naona *vamos a salir*, nyingine *saldremos*. Ni kitu kimoja? Na kama kitenzi ni *salir*, hiyo d imetoka wapi? Naomba pia mnikagulie sentensi hizi, ya kwanza nikimaanisha saa 12 asubuhi:

Mañana saliremos a las doce de la mañana.
Cuando llegaremos al río, veremos elefantes.
Habrán muchos pájaros.

Ticha_Uyole
Karibu mkuu. Zote mbili ni wakati ujao, na kwa ratiba ya safari unaweza kutumia yoyote. Katika mazungumzo utasikia zaidi ile ya *ir a*. Ya neno moja inafaa zaidi kwenye maandishi, matangazo na ahadi.

Ya kwanza ina vipande vitatu: kitenzi *ir* kwa nafsi husika (voy, vas, va, vamos, vais, van), kisha *a*, kisha kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. *Vamos a salir*, tutatoka. *Van a ver jirafas*, mtaona twiga. Hiyo *a* ndiyo inayoangushwa sana, na ikidondoka sentensi imevunjika.

Ya pili inataka ugeuze mazoea. Sisi tunatanguliza nafsi, tunaweka -ta-, kitenzi kinafuata. Wao wanaacha kitenzi kizima mbele, halafu mkia mmoja unabeba nafsi na wakati kwa pamoja. Mikia ni sita tu: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Ni ileile kwa vitenzi vya -ar, -er na -ir. Basi *hablar* inatoa hablaré, hablarás, hablará, hablaremos, hablaréis, hablarán.

Usikate -ar, -er wala -ir! Aliyetoka kujifunza wakati uliopo ameshazoea kukata, kwa hiyo anaandika *hablé* akitaka kusema "nitazungumza", kumbe hiyo ni "nilizungumza".

Kukanusha ni kuweka *no* mbele, basi. Hakuna mabadiliko kama yetu ya tuta- na hatuta-: *saldremos, no saldremos*. Na kwa wageni wako tumia *ustedes* (ninyi) na mkia wa -án: *No podrán bajarse del coche*, hamtaruhusiwa kushuka garini. Ule wa -éis ni wa *vosotros*, unaotumika Hispania kati ya watu waliozoeana. Amerika ya Kusini kwa kawaida hawautumii.

Mvua_ya_Tukuyu
Niongeze kuhusu hiyo d. Mikia haibadiliki kamwe, kinachobadilika ni shina, na vitenzi vya msingi vyenye tabia hiyo ni 12 tu.

Vitano vinadondosha e ya mwisho: poder ni podr-, saber ni sabr-, querer ni querr-, haber ni habr-, caber ni cabr-. Vingine vitano vinaondoa irabu hiyo na kuweka d: tener (tendr-), poner (pondr-), venir (vendr-), salir (saldr-), valer (valdr-). Ukijaribu kutamka l na r zikiwa zimegusana utaona kwa nini d inajipenyeza. Viwili vinafupishwa: hacer inakuwa har-, decir inakuwa dir-. Vingi vinavyozaliwa humo vinafuata mzazi, mfano *mantener* inatoa *mantendré*.

Cha ajabu, vitenzi vinavyotisha kwenye wakati uliopo hapa ni vipole: ser, estar, ir na ver vinatoa seré, estaré, iré, veré.

Binti_wa_Makete
Jamani, msiruke matamshi, maana hapa ndipo sisi waswahili tunapoumia. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi unataka kufanya hivyohivyo kwenye *llegará* (atafika). Mkazo uko mwisho kabisa: lle-ga-RÁ. Ukisema lle-GA-ra umetamka *llegara*, umbo jingine la kitenzi lenye kazi nyingine. Ndiyo maana ile alama juu ya herufi siyo pambo. Nafsi pekee isiyo na alama ni ya *nosotros* (sisi), sal-DRE-mos, na hiyo ndiyo pekee inayolingana na mkazo wetu.

Kwenye simu, bonyeza e au a bila kuachia, herufi zenye alama zitajitokeza.

Sasa sentensi zako, kaka. Ya kwanza ina makosa mawili. Shina ni *saldremos*. Kubwa zaidi ni saa: 12 asubuhi ya kwetu ni *las seis de la mañana*. Wengi Hispania wakisikia *las doce de la mañana* wataelewa saa 6 mchana, nawe utasubiri peke yako getini.

Ya pili imefuata "tutakapofika" neno kwa neno. Kiswahili kinaweka -taka-, lakini baada ya *cuando* Kihispania hakikubali wakati ujao kwa jambo ambalo bado. Sema *Cuando lleguemos al río, veremos elefantes*. Na "mvua ikinyesha" ni *si llueve*, wakati uliopo wa kawaida: *Si llueve, no saldremos*.

Ya tatu: "kutakuwa na" ni *habrá* daima, hata ndege wawe elfu. *Habrá muchos pájaros*. Ukimleta mgeni kwetu Kitulo wakati wa maua utamwambia *Habrá muchas flores y hará frío*.

Mwongozaji_Iringa
Asanteni sana, nimeelewa. Swali la mwisho: nimekutana na *El león estará durmiendo*, lakini anayesemwa ni simba wa sasa hivi, siyo wa kesho. Imekaaje?

Ticha_Uyole
Imekaa kama yetu kabisa. Ukisema "saa hizi atakuwa amelala" huzungumzii kesho, unakisia. Kihispania nacho kinatumia wakati ujao wa neno moja kukisia ya sasa: *¿Qué hora será?*, sijui ni saa ngapi sasa. *Serán las ocho*, itakuwa saa 2. Kwa kazi yako ni ya thamani sana, maana mgeni akiuliza chui yuko wapi huna uhakika, lakini unaweza kumjibu *Estará en un árbol*. Hapo usitumie *va a estar*, atadhani unamweleza chui atakuwa wapi baadaye.