Mrejesho: Tulivyoanza kugawana maamuzi kwenye shirika letu

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu shirika letu lisilo la kiserikali: wafanyakazi 14, kila jambo linasubiri saini ya mkurugenzi, nasi tunataka uongozi shirikishi. Asanteni sana, mlinisaidia.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba kushirikishana ni wote kukaa kwenye kila kikao. Miezi miwili tulijadili mpaka rangi ya vipeperushi, watu wakachoka kabisa. Aliyenishauri tuandike kwanza nani anaamua nini ndiye aliyetuokoa. Sasa kila timu ina bajeti yake na mipaka yake kwa maandishi, na ndani ya mipaka hiyo haiombi ruhusa kwa mtu.

Kwa maamuzi makubwa tunatumia njia ya ridhaa, ile ya sosiokrasia, yaani mfumo wa kuendesha shirika kwa kugawana maamuzi, aliouendeleza mhandisi Gerard Endenburg kule Uholanzi. Hatuulizi nani anaunga mkono, tunauliza nani ana pingamizi lenye sababu. Mhasibu wetu, mtu mkimya kweli, alipinga mradi mmoja kwa sababu ungekula fedha ambazo mfadhili alizitenga kwa kazi nyingine. Zamani angenyamaza. Siku ile nilifurahi mno.

Bodi imebaki na wajibu wake wa kisheria, hilo hatukuligusa.

Kigumu kilichobaki ni mishahara. Tumeweka viwango wazi kwa wote, na wenzetu wawili wameumia walipoona tofauti. Naendelea kuzungumza nao, mmoja mmoja.