Mkojo wa saa 24 unatosha kuthibitisha uvimbe wa kasinoidi?

Swali (Mbale)
Ndugu zangu, dada yangu anahara kwa muda mrefu, na mara kwa mara joto kali humpanda usoni na kifuani, kisha hupotea lenyewe. Ametibiwa minyoo na vidonda vya tumbo bila kupata nafuu. Sasa daktari anashuku kasinoidi, yaani uvimbe wa saratani unaokua polepole, mara nyingi kwenye utumbo, na ameagiza mkojo wa saa 24. Je, kipimo hicho kinatosha?

Jibu: mhudumu wa maabara, Kampala
Poleni sana. Kipimo hicho hutafuta 5-HIAA, yaani mabaki ya serotonini, homoni ambayo baadhi ya vivimbe hivi huimwaga kwa wingi. Tatizo ni kwamba ndizi, mananasi, parachichi, nyanya na bilinganya nazo zina serotonini, kwa hiyo mgonjwa huziacha kwa takriban siku 3 kabla ya kukusanya mkojo, na pia siku ya kukusanya. Katika nchi inayokula matoke kila siku, sharti hili lielezwe kwa msisitizo, tena kwa mpishi wa nyumbani pia. Mkojo wote uingie chomboni.

Jibu: daktari, Mbarara
Naongezea kwamba mkojo huelekeza tu, hauthibitishi. Serotonini inayotoka kwenye utumbo huvunjwa na ini, ndiyo maana dalili kama za dada yako mara nyingi hujitokeza uvimbe ukiwa umeshafika kwenye ini. CT skani ya tumbo, yaani picha za ndani za eksirei, isicheleweshwe. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande cha uvimbe, ambacho mtaalamu wa patholojia hukipaka rangi maalumu na kuhesabu Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika: chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 la pili, zaidi ya 20 la tatu. Moyo nao upimwe kwa ekokadiogramu, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa serotonini hukakamaza vali za upande wa kulia. Akipimwa kromogranini A, protini ambayo vivimbe hivi huimwaga katika damu, ataje dawa zake zote, kwani omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, huipandisha hata pasipo uvimbe.

Mwulizaji
Nawashukuru sana. Omeprazoli anaimeza hadi leo, na hakuna aliyemuuliza.

Daktari, Mbarara
Basi asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari wake kabla ya kutolewa damu, naye ndiye atakayepanga lini isimamishwe.