Mama ana kisukari na amepata mafua makali: je, dawa zisimamishwe kwa kuwa hali chakula?

Binti wa Uyole aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Uyole, Mbeya, na mama yangu mwenye umri wa miaka 63, ambaye ana kisukari cha aina ya pili na anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformini pamoja na glibenklamaidi. Leo ni siku ya nne tangu apate mafua makali yenye homa na kikohozi, na baridi hii ya Julai imezidi kumchosha. Hajala kitu cha maana zaidi ya vijiko vichache vya uji, lakini sukari yake, ambayo asubuhi huwa kati ya 7 na 9, jioni hii imesoma 15.8. Jirani yetu anashauri tuache dawa mpaka atakapoanza kula, akisema kuwa dawa bila chakula humwangusha mgonjwa. Mama mdogo naye ameleta asali ya kuchanganya na tangawizi. Sukari inapandaje kwa mtu asiyekula, na nifanye nini usiku huu?

Mkazi wa Mafinga alijibu:

Pole sana, dada, na umpe mama pole zangu. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili, na swali lako nililijibu vibaya mwenyewe nilipokuwa kijana. Nilishikwa na mafua mwezi wa Juni, nikakosa hamu ya kula, nikaona ni busara kuacha insulini, sindano yangu ya kushusha sukari, kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Siku ya pili nilikuwa nakunywa maji jagi zima bila kukata kiu, nikaanza kutapika na kuhema haraka kama mtu aliyepanda mlima, na nilipofikishwa hospitalini wakakuta kwenye mkojo ketoni nyingi, yaani tindikali ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini.

Daktari alinieleza kwamba mwili unapopambana na maradhi hutoa homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari iliyohifadhiwa kwenye damu, na homoni hizohizo hudhoofisha kazi ya insulini, ndiyo maana sukari hupanda hata kama mgonjwa hajaonja chakula. Kwa sisi tunaotumia insulini, haiachwi hata siku moja kwa sababu ya mafua; kinachobadilika ni kipimo chake, tena kwa maelekezo ya daktari. Pima kila baada ya saa nne, usiku huu pia.

Muuguzi mstaafu, Njombe, alijibu:

Binti yangu, jirani yako ana ukweli kiasi. Glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari mno kwa mtu asiyekula, lakini hiyo si sababu ya kuacha dawa zote kwa kukisia wakati kipimo kinasoma 15.8. Ikishuka chini ya 4, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, upime tena baada ya dakika 15, na usimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Metformini nayo husimamishwa kwa ushauri wa daktari iwapo anatapika au anaharisha na maji hayakai tumboni.

Mpe maji kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu sukari iliyopanda humfanya akojoe sana na kukaukiwa. Uji mwepesi usiotiwa sukari, mchuzi wa kuku, kiazi kimoja kilichochemshwa, vyote vinafaa. Tangawizi anywe, ila asali ni sukari, hata ikitoka msituni. Soma pia maelezo ya dawa ya kikohozi, kwa kuwa sharubati nyingi zina sukari, na vidonge vya kuzibua pua vinaweza kupandisha shinikizo la damu. Parasetamoli inatosha kwa homa, lakini angalia isiwe tayari imo ndani ya vidonge vya mafua alivyokwisha kumeza.

Homa ya siku nne kwa mtu mwenye kisukari si ya kuachwa nyumbani. Kesho asubuhi mpeleke akasikilizwe kifua na kupimwa malaria. Akianza kutapika mfululizo, kuhema haraka, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kawaida, usisubiri kesho.

Mjukuu wa Tukuyu alijibu:

Naomba niongeze jambo moja linalonigusa sana. Mwaka juzi baba yangu, mwenye kisukari cha miaka mingi, alikuwa na mafua na akasogeza miguu kwenye jiko la mkaa ili apate joto. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo hakusikia chochote. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya soksi inayoungua kutoka chumba cha pili. Kidonda kile kilichukua miezi mitano kupona. Mfunikeni mama blanketi na kumvalisha soksi nene, na jiko lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

Binti wa Uyole alirudi:

Asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimegundua kwamba nilipompima jioni mama alikuwa ametoka kushika kijiko cha asali na hakunawa. Nimemwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, ambayo pia yamefanya damu itoke kwa urahisi kwenye kidole kilichokuwa cha baridi, na sasa kipimo kinasoma 13.1. Bado iko juu, kwa hiyo nimeweka kengele ya simu ilie saa nane usiku nimpime tena. Jiko nimelitoa uani. Kaka yangu atatufuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi atupeleke hospitalini, na daftari la vipimo nimeliweka kwenye mkoba pamoja na dawa zake zote.