Tupeane uzoefu: Msimamizi wa mchezo awatie wachezaji katika dhiki kiasi gani?

Mleta mada (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Naomba sisi tunaosimamia michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambayo kila mchezaji huwa na mhusika wake ndani ya kisa na msimamizi ndiye anayekisimulia, tupeane uzoefu juu ya jambo moja: namna msimamizi anavyowaletea wachezaji dhiki, na wapi anapaswa kusimama. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, msimamizi amebebeshwa kazi mbili zinazovutana, kwani ndiye anayewaigiza maadui wote na ndiye huyo huyo mwamuzi wa kila linalotokea. Akitaka kuwaangamiza wachezaji hakuna wa kumzuia, kwa hiyo ushindi wake hauna thamani yoyote. Ninachoshikilia mimi ni kwamba dhiki iamuliwe mapema, dalili zake zionekane kwa anayetaka kuziona, na ikishafika isipunguzwe kwa huruma wala isiongezwe kwa hasira.

Kisa chetu kirefu tulikiweka Unguja katika zama za Sayyid Barghash, kuanzia mwisho wa mwaka 1871. Nilijua tangu mwanzo kwamba kalenda inakwenda kwenye kimbunga cha Aprili 1872, kile kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na nilijiwekea sharti kwamba hakuna dadu itakayokizuia. Siku zilipokaribia nikaanza kuweka dalili: mawimbi mazito siku isiyo na upepo, na nahodha mzee aliyekataa kung'oa nanga bila kutoa sababu. Mchezaji mmoja alizipuuza akatia mtaji wake wote katika shamba la Unguja, na mwengine akaona bora anunue shamba dogo Pemba. Wa tatu alimwigiza mtumwa wa shambani, ambaye kwake balaa lile lilikuwa ni mlango wa kutoroka. Siku ilipofika, dadu zilirushwa kwa ajili ya yale tu ambayo kila mmoja alijaribu kuyafanya ndani ya saa zile: nani anamtoa mtoto nyumbani, nani anaokoa daftari la madeni, nani anashika njia ya porini. Aliyepoteza shamba hakunung'unika, kwa sababu aliyakumbuka mawimbi. Vikao vilivyofuata, alipovuka kwenda Pemba kumwomba mwenzake miche kwa mkopo na mwenzake akamwekea masharti magumu, vilikuwa vizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo, na sikuhitaji kumleta adui hata mmoja.

Mchangiaji wa Wete

Wa alaykumu ssalaam, kaka. Hapa kwetu wazee wa nyumbani hawaridhiki kuona dadu, kwa kuwa wanaihusisha na kamari, nasi tumeliheshimu hilo. Badala yake tunachota vibao vya mbao vyenye namba 1 hadi 20 kutoka katika mfuko wa kitambaa. Mwanzoni kibao kilichotoka hakikurudishwa mpaka mfuko umalizike, na hapo ndipo nilipoona jinsi hofu inavyoweza kutoweka mezani, maana wachezaji walikuwa wakihesabu. Namba ndogo zikishatoka zote, walijua kwamba zilizobaki ni za kheri tupu, wakamvamia bila wasiwasi jini aliyekuwa akiwatisha tangu mwanzo wa kikao. Dadu haikumbuki kitu, lakini mfuko unakumbuka.

Tulijadiliana kwa kirefu, tukaamua kwamba katika mapigano na safari kibao kirudishwe kila mara. Tukabakisha mfuko wa pili usiorudishiwa kwa ajili ya balaa la polepole, kama vile ukame au njaa, kwa sababu huko inafaa watu waione neema ikipungua na wajue kwamba namba mbaya bado zimo ndani zinawasubiri. Ulichokisema kuhusu dalili nakubaliana nacho kabisa; kwetu sisi, mfuko huo ndio unaoifanya kazi hiyo.

Mchangiaji wa Micheweni

Mimi naongeza mpaka mmoja. Katika meza yetu chombo hakizami na watu ndani. Miongoni mwetu wamo waliofiwa katika ajali ya MV Spice Islander, Septemba 2011, ilipokuwa ikija Pemba kutoka Unguja, na hakuna mchezo unaostahili kumrudisha mtu katika usiku ule. Kabla kisa kipya hakijaanza, namuuliza kila mchezaji faraghani ni jambo gani lisiguswe, kisha naitangaza orodha bila ya kusema nani ametaja nini. Wapo wanaotumia kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos wa Marekani, ambayo mchezaji huigusa na jambo likaondolewa bila maswali. Tunayo na sisi, ila watu wetu wanaona haya kukisimamisha kikao mbele ya wenzao, kwa hiyo lile swali la mwanzo ndilo linalosaidia zaidi. Uzito wa mchezo haukupungua hata kidogo, kwani bado tunayo madeni, fitina na mirathi, na mirathi inawatoa watu jasho kuliko joka.

Mleta mada

Ahsante sana, dada. Nasi tuliulizana kabla, ndiyo maana majahazi yaliyovunjika katika kimbunga chetu yalikuwa yamefungwa bandarini bila ya watu.

Mchangiaji wa Chake Chake

Niliwahi kucheza katika meza ambayo msimamizi aliviweka vitu vyake vyote nyuma ya ubao ili tusivione, na kila tulipokaribia kumshinda adui, uhai wa adui, yaani namba ya mapigo anayoweza kuyastahimili, uliongezeka. Tulikuja kulijua hilo kwa kujumlisha mapigo yetu katika karatasi. Tangu siku hiyo hakuna aliyejisumbua kupanga mbinu, kwa sababu matokeo yalifuata moyo wa mtu mmoja. Sasa ninaposimamia mimi, nauandika uhai wa adui kabla ya pambano, naikunja karatasi na kuiweka katikati ya meza, na pambano likishamalizika yeyote anaweza kuifungua. Wahusika wamekufa mikononi mwangu, na waliowaumba ni haki yao kuhuzunika, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilimwonea.

Mchangiaji wa Mkoani

Kwangu mimi suala ni kushindwa kwenyewe, maana dhiki isiyofungua njia yoyote inakiua kisa. Mchezo wa Apocalypse World, uliotolewa mwaka 2010 na Vincent Baker na Meguey Baker, unatumia dadu mbili za pande sita, na humo msimamizi harushi dadu kabisa. Jumla ya 10 au zaidi inakupa ulichokitaka. 7 hadi 9 inakupa pamoja na gharama. 6 au chini yake ni zamu ya msimamizi kukuletea tabu. Kabla ya kuongeza au kupunguza chochote kwa ajili ya sifa za mhusika, ile sehemu ya katikati inaangukia mara 15 kati ya 36, na ndiko nilikopata mambo yangu mazuri kuliko yote.

Tulikuwa na kisa cha wizi wa karafuu ghalani. Mchezaji wangu, binti mtulivu sana, alimhoji mlinzi akapata 8. Nikampa jina la mwizi, kisha nikamwambia kwamba mlinzi huyo husali msikiti mmoja na baba wa mhusika wake, na kwamba baada ya Magharibi nyumba nzima itajua binti yao anapita akiuliza maswali usiku. Aliamua amwahi baba yake kabla habari hazijafika, akamweleza yote, na baba, ambaye nilimwigiza mimi, akakataa kumruhusu aendelee mpaka aende na kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyekuwa akimdai mwizi fedha. Ningependa wanaotumia dadu ya pande 20 au vibao, kama ndugu yetu wa Wete, watueleze wanavyoyapata majibu ya katikati ya namna hii.