Kamau wamejaa Kamukunji, duka letu tuliite nani?

Fundi_wa_Bati

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la jina. Anayejua anijibu, na mwenye utani naye akaribie, maana najua hamtaniacha.

Sisi ni mafundi wa Kamukunji, hapa Nairobi. Mzee amegonga bati pale tangu vile vibanda vya jua kali vilipokuwa vipya, nami nimelelewa katika kelele hizo. Kazi yetu kubwa ni masanduku ya shule, yale ya wanafunzi wa bweni, kwa hiyo Januari kwetu hakuna kulala. Mzee ana mtindo wake. Rangi ikishakauka anachukua brashi ndogo na kuandika KAMAU ndani ya kifuniko. Mguu wa ile K anauvuta mkia mrefu unaopita chini ya jina lote mpaka kwenye U, halafu anaupindisha kidogo kwenda juu. Haandiki nje kwa sababu nje ni pa jina la mwanafunzi. Kuna wazazi waliosoma na masanduku hayo ambao sasa wanaleta watoto wao, na wakifika hawaulizi nambari ya kibanda, wanaulizia "Kamau wa masanduku".

Sasa akina Kamau wamejaa. Kwenye mstari wetu yuko Kamau wa majiko na Kamau wa sufuria, na ng'ambo ya njia yuko mwingine anayetengeneza masanduku kama sisi. Mwaka huu mama mmoja wa Kitui alishuka kwenye gari akaulizia Kamau, makanga akampeleka kwa huyo wa ng'ambo. Akauziwa sanduku la bati la geji 32, na kwa geji namba ikipanda bati linakonda. Sisi hatutumii bati jembamba kuliko la geji 28. Shule hazijafungwa, kitako kikaachia, mtoto akawa anaweka vitabu kwenye gunia. Nani alipigiwa simu ya matusi? Mzee wangu, ambaye namba yake mama huyo alikuwa nayo tangu zamani.

Ndipo nikasema tusajili jina yaishe. Nimejaza eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, "Kamau Masanduku", limekataliwa, eti linafanana na lililopo. "Kamau na Wana", hali ni ile ile. Mtu anakatazwaje jina la baba yake? Na huyo aliyetangulia kusajili ndiyo kusema amelinunua?

Kuna na hili linalonikoroga kichwa. Kitambulisho changu kinasema Njoroge Kamau. Njoroge ni babu. Kifungua mimba wangu ni Kamau, jina la mzee, kama desturi inavyotaka, naye atakuwa Kamau Njoroge. Duka likiitwa Kamau litakuwa la baba yangu au la mwanangu? Mimi niliye katikati nikae wapi?

Otieno_Mrefu

Pole ndugu yangu, lakini nimecheka. Nyinyi angalau jina mnapewa na babu. Sisi tunapewa na saa. Ukizaliwa usiku wewe ni Otieno, alfajiri Omondi, jua la mchana Ochieng, jioni Odhiambo, mvua ikinyesha Okoth. Wodi moja ya wazazi Kisumu, usiku mmoja, inatoa akina Otieno na Atieno ambao hawajuani hata kwa sura. Kazini kwetu tulikuwa na Otieno wa ghala, Otieno wa hesabu na Otieno mrefu, na barua za madeni za yule wa hesabu zilikuwa zinafunguliwa na mimi.

Halafu kuna wale wanaodhani jina moja ni undugu. Mgeni wangu aliniuliza kama uwanja wa Kipchoge pale Eldoret wamemjengea Eliud, yule wa marathoni. Nikamwambia ule ni wa Kipchoge Keino, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Mexico mwaka 1968, Eliud hajazaliwa. Hakuamini. Akasema basi atakuwa mjomba wake. Ni Wanandi wawili, jina moja, basi.

Ya sheria namwita DadaWaSaiba.

DadaWaSaiba

Nimeitwa, nimekuja. Saiba yangu, yaani duka la intaneti, iko barabara ya Ronald Ngala, na kusajili majina ndiko kunakonilipia kodi ya chumba, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Jina la baba yako hakuna aliyekukataza. Ulilokataziwa ni kuweka kwenye daftari jina la biashara linalofanana na lingine lililomo. Msajili anachoogopa ni mteja kuchanganyikiwa, kama alivyochanganyikiwa huyo mama wa Kitui. Kwangu wanakuja kila siku: Mwangi kinyozi, Wambui saluni, Wanjiku hoteli. Wanataka jina tupu na neno la kazi, halafu wanashangaa limechukuliwa. Litabaki vipi? Binti za Mumbi walikuwa tisa, kumi ukimhesabu kitinda mimba, na wanawake kuanzia Kiambu mpaka Nyeri bado wanagawana majina hayo hayo. Wanjiku limeenea mpaka wanasiasa wakilitaja wanamaanisha mwananchi yeyote yule.

Aliyetangulia naye hajalinunua. Cheti cha jina la biashara kinasema tu ni nani aliye nyuma ya duka. Umiliki unatafutwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, na hapa ndipo ninapotaka uache kugonga bati kidogo usome. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Alama za Biashara hakilipendi jina la ukoo likiwa tupu. Ukienda na neno KAMAU la kupigwa taipu utarudishwa, mpaka ulete ushahidi kwamba wateja wakilisikia wanakufikiria wewe na si Kamau mwingine, na kwa hapa Nairobi nakutakia kila la heri. Lakini kifungu hicho hicho kinakubali jina lililoandikwa kwa namna ya pekee. Tena kinakubali sahihi ya mwombaji, au ya mtu aliyemtangulia katika biashara. Aliyemtangulia katika biashara ni nani kwenu? Si huyo mwenye K ya mkia?

Kwa hiyo nataka vifuniko. Piga picha vya leo, kisha watafute wateja wa zamani wakutumie picha za vyao, hata vikiwa na kutu. Mzee aandike jina kwa mkono wake kwenye karatasi nyeupe. Tutatafuta kwanza kama kuna alama inayokaribiana, halafu tuombe. Wakiikubali wanaichapisha kwenye jarida lao na watu wana siku 60 za kupinga. Ikipita, ni yenu kwa miaka 10, na mnaweza kuihuisha kila inapoisha.

Usidhani utamfunga mdomo jirani. Sheria inamwachia mtu atumie jina lake mwenyewe kwa nia njema. Akiandika Kamau kwa herufi zake, mwache. Akiiga mkia, hapo mtaonana.

Jina la duka sasa. Acheni kung'ang'ania Kamau peke yake. Chukua supamaketi: Nakumatt lilitoka kwenye Nakuru na magodoro, Naivas ni Naivasha iliyofupishwa, na Tuskys lilitoka kwenye Tusker Mattresses, magodoro tena. Mwanzilishi wa Tuskys unajua alikuwa nani? Joram Kamau. Hakuliandika jina lake mlangoni. (Nakumatt na Tuskys yalikuja kuanguka, najua mtaniambia. Hayakuangushwa na jina.) Bata ndio waliotumia jina la kwao likashika, na wewe umevaa viatu vyao tangu darasa la kwanza bila kujua Bata ni mtu.

Mara ya mwisho nilipolipia kutafuta jina ilikuwa shilingi 150. Usizitupe kwa kubahatisha.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, nakujibu hilo la kukaa katikati. Jina la ukoo lisilobadilika, kama la Wazungu, sisi hatukuwa nalo. Mtu alikuwa Kamau wa Njoroge, mwanawe akawa Njoroge wa Kamau, na majina yakaendelea kupokezana. Mkoloni ndiye aliyetaka kila mwanamume aandikwe akae vivyo hivyo. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na karatasi yenyewe ilitiwa kwenye kijaluba cha chuma ikaning'inizwa shingoni. Baadaye familia nyingine ziliamua kubaki na jina la babu mmoja mpaka leo, nyingine kama yenu zikaendelea kupokezana. Hakuna iliyokosea.

Na ukimtaka Kamau aliyeona mbali, yuko. Alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Miaka ya 1920 alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya manispaa hapa Nairobi, na kule Dagoretti alikuwa na nyumba aliyowekea bidhaa za majirani. Aliiita Kinyata Stores, kwa ule mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa. Jina lake lilikuwepo, akaliacha, akawa Kenyatta.

Dereva_wa_Usiku

Na sisi madereva tunalipia mkanda huo mpaka leo, mwalimu! Abiria anaingia, anafunga mlango, anasema "Kenyatta". Kenyatta ipi, mama? Ni ile barabara ya mjini iliyokuwa Delamere? Ni soko la nyama choma na kusuka nywele? Chuo kikuu? Uwanja wa ndege? Au ule ukumbi wa mikutano, KICC? Wengine wanakasirika ukiuliza, wanaona unawazungusha ili uongeze nauli.

Mbaya zaidi ni hospitali. Zamani Kenyatta ilikuwa moja, ile ya taifa, Upper Hill. Tangu 2019 kuna na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Kahawa, na watu wanafupisha zote mbili vile vile. Nimewahi kumbeba kijana ana chupa ya uji wa mamake, tumefika Upper Hill, anapiga simu aulize wodi, anaambiwa mgonjwa yuko Kahawa. Tukavuka mji upya. Nilimpunguzia nauli, lakini sikumsamehe yote. Mafuta hayajui uji.

Otieno_Mrefu

Fundi, nimepata jina la duka: Kamaukunji.

Msinishukuru.

Fundi_wa_Bati

Otieno, mzee amecheka mpaka akaweka nyundo chini, na yeye si mtu wa kuweka nyundo chini mchana. Amelikubali. Anasema hata makanga hawezi kulipeleka ng'ambo.

Ya KIPI nimemsomea yote. Swali lake la kwanza ni kama watamlipa kwa kutumia mwandiko wake, nikamweleza ni sisi tutakaolipa, akanuna. Sasa amegoma kuandika kwenye karatasi. Ameshika kalamu, amejaribu, akaitupa. Anasema mkia unataka brashi na bati, kwenye karatasi unatoka umekonda. Dada, akiandika juu ya bati tukapiga picha, watakubali?

Mwalimu, asante. Lakini bado nataka kujua cheti kitaandikwa jina la nani kati yetu.

DadaWaSaiba

Mwambie aandike kwenye bati jeupe kwa rangi nyeusi, usilipige picha juani maana litang'aa. Mimi nitaisafisha kwenye kompyuta mpaka ubaki mwandiko mtupu. Aandike mara kadhaa, tuchague ule mkia aliouvuta bila kuufikiria.

Kamaukunji pelekeni hivyo hivyo, ila njoo na jina la pili la akiba. Si kila anachokicheka mzee kinapita kwa msajili.

Na cheti, sajilini kama washirika, wewe na yeye. Jina la duka litakuwa moja, wenye duka watakuwa wawili, Kamau na Njoroge, kila mmoja na kitambulisho chake. Mjukuu akifika umri na akitaka bati, ataongezwa. Leta nakala za vitambulisho vyote viwili na PIN za kodi za KRA. Ya mzee ihakikishe kwanza ipo, maana wazee wa Kamukunji ninawajua.