Tupeane uzoefu: mlioishi Chile, Colo-Colo iliwaliza lini kuliko siku zote?

Mkazi wa Macul

Wakuu, habari za leo. Asubuhi nimepita kwenye mitumba ya Manzese nikakuta jezi nyeupe ya Colo-Colo imetundikwa katikati ya jezi za Ulaya. Muuzaji alikuwa anakwaruza kwa kucha ule mstari mweusi ulio juu ya nembo, akidhani ni utepe wa gundi uliosahaulika. Nikamshika mkono. Kaka, acha, huo ni msiba wa watu, haubanduki.

Mlioishi kule mnaijua hadithi, ila kwa vijana wanaosoma hapa: David Arellano ndiye aliyewaongoza wachezaji waliojitoa klabu ya Magallanes wakaanzisha Colo-Colo tarehe 19 Aprili 1925, wakachukua jina la chifu wa Wamapuche aliyepigana na Wahispania. Miaka miwili baadaye klabu ikaenda ziara Ulaya. Hispania watu walikuwa wanakuja uwanjani kumwona Arellano akipiga tikitaka. Tarehe 2 Mei 1927, pale Valladolid, akagongana na mchezaji wa upande wa pili, akaumia tumboni. Kesho yake akafariki. Tangu hapo jezi imevaa matanga mpaka leo.

Siku yangu mimi ni ya mwaka 2002. Nilikuwa nimepanga chumba Macul, kwa mbali unaliona jukwaa la Monumental, uwanja wa Colo-Colo. Januari mahakama ikatangaza kwamba klabu imefilisika. Klabu inayopendwa kuliko zote nchini, iliyochukua Libertadores, kombe kubwa kuliko yote la klabu za Amerika Kusini, inasimamiwa na msimamizi wa mufilisi kama duka la vitambaa! Baba mwenye nyumba wangu alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Wiki ile alikuwa akirudi kazini anavua viatu mlangoni, anakaa, hawashi hata redio. Mkewe akawa ananiomba mimi ndiye nimwongeleshe.

Timu akapewa Jaime Pizarro, nahodha wa 1991, na vijana waliokuwa hawajulikani. Mwisho wa mwaka wakatwaa ubingwa wa Clausura, ligi ya nusu ya pili ya mwaka. Yule mzee alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Haya, na ninyi tupeni zenu.

Asha wa Independencia

Umenitonesha. Yangu mimi ni ya Pachuca, klabu ya Mexico. 13 Desemba 2006, fainali ya Copa Sudamericana, kombe la pili la klabu za Amerika Kusini, uwanja wa taifa, Estadio Nacional.

Ambao hamkuwepo hamuwezi kujua kikosi kile cha kocha Borghi kilivyokuwa kinacheza. Matías Fernández mwaka ule alichaguliwa mchezaji bora wa Amerika Kusini. Suazo alikuwa anafunga mpaka unamwonea huruma kipa. Arturo Vidal bado mtoto, nywele zake za kawaida kabisa. Kule Mexico tulikuwa tumetoka sare ya 1-1, kwa hiyo Santiago nzima ilijua kombe linabaki nyumbani. Hata mwajiri wangu, ambaye mpira haumhusu, alituruhusu tuondoke mapema.

Nilikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa na redio ndogo sikioni, mechi iko mbele yake lakini anaisikiliza redioni. Suazo akafunga kipindi cha kwanza. Bibi akanikumbatia, redio ikanigonga kwenye shavu. Mapumziko tukagawana karanga, akaniambia alikuwa Monumental siku ya Libertadores 1991, na kwamba Mungu amemweka hai aone la pili.

Kipindi cha pili Caballero wa Pachuca akasawazisha. Watu waliimba zaidi, ila ile ya kuimba ukiwa na hofu. Halafu Christian Giménez akafunga la pili. Wakuu, uwanja mzima ule, ulikuwa unawasikia wachezaji wa Pachuca wakiitana kwa majina. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa bibi alizima redio, akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri moja moja akaziweka kwenye mfuko wa gauni. Hakuniaga. Nikamshika mkono kwenye ngazi mpaka chini, akaenda zake.

Nimekaa nchi tatu tangu hapo na nimeona fainali nyingi. Hakuna iliyoniumiza vile.

Nuru

Dada Asha, nilikuwa jukwaa la jirani na lako. Ni kweli kabisa, tuliwasikia wakiitana.

Mwana wa Jangwani

Kumbe Colo-Colo nao ni watu waliojitoa kwenye timu ya watu! Kama wale wenzetu walivyotoka Yanga mwaka 1936. Magallanes ndiyo mama basi, heshima iende kwa mama.

Mkazi wa Macul

Ndugu yangu, ugomvi wa Kariakoo usiulete huku, tafadhali. Wale hawakutoka kwa sababu ya kugombea vyeo. Walitaka mazoezi ya kweli na mchezaji ahudumiwe, wazee wa Magallanes wakakataa.

Mwana wa Jangwani

Hata wa huku walisema hivyo hivyo. Na nikukumbushe, ligi ya kulipwa ilipoanza 1933 bingwa alikuwa nani? Magallanes. 1934? Magallanes. 1935? Magallanes. Mama alimchapa mtoto miaka mitatu mfululizo.

Asha wa Independencia

Na mtoto akaanza na lake mwaka 1937, leo ana mataji 34. Mama ametumia miaka mingi madaraja ya chini. Tuendelee na mada.

Kijani wa Playa Ancha

Samahani jamani, nimesoma mpaka hapa nimeshindwa kuvumilia. Mnaongea kama vile historia ya mpira wa Chile imeanzia Santiago. Santiago Wanderers wa Valparaíso ilianzishwa tarehe 15 Agosti 1892. Colo-Colo inazaliwa, Wanderers ina miaka zaidi ya thelathini. Elías Figueroa, beki bora kuliko wote waliotoka nchi ile, alianzia kwetu, na uwanja una jina lake. Nendeni huko uwanjani, mtaa wa Playa Ancha, siku ya upepo, mpira wa kona unarudi wenyewe, halafu ndiyo mje mniambie habari za ukongwe.

Maumivu mnayajua ninyi? Mwaka 2017 tulibeba Copa Chile kwa kuifunga Universidad de Chile kwenye fainali, na msimu huo huo tukashuka daraja. Kombe kabatini, timu daraja la pili. Niliishi kilimani, nikishuka kwenda kazini kila mlango una bendera ya kijani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.

Mkazi wa Macul

Pole sana mkuu, hilo ni pigo. Lakini ubingwa mnao wa 1958, 1968 na 2001. Ukongwe tunauheshimu, mataji tunayahesabu.

Kijani wa Playa Ancha

Hesabuni. Mkimaliza mtueleze ni mji gani uliowaletea mpira hapo. Waingereza walishukia bandarini kwetu.

Baharia Mstaafu

Wajukuu zangu, mmenifanya nitafute miwani. Mimi sikuishi Chile, nilipita. Mei 1991 meli yetu ilikuwa inashusha mzigo San Antonio, na vijana wa bandarini wakatuchukua kwenda Santiago kuangalia nusu fainali ya Libertadores, Colo-Colo na Boca Juniors ya Argentina. Tarehe 22. Boca walikuwa wameshinda 1-0 kwao, na wana Batistuta.

Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Cha pili, Rubén Martínez, bao. Dakika mbili hazijapita, Patricio Yáñez, bao. Latorre akarudisha moja la Boca. Martínez tena, 3-1. Hapo wapiga picha wakamwagika uwanjani, watu wa Boca wakakasirika, ngumi zikaanza. Siyo ngumi za kusukumana, ngumi za kweli, kamera zinaruka, makocha wamo. Polisi wakaingia na mbwa. Mbwa mmoja, Mjerumani mkubwa, akamfuata kipa wa Boca, Navarro Montoya, akamng'ata mguuni. Nimeona kwa macho yangu. Mechi ilisimama mpaka nikadhani haitaendelea.

Tukarudi melini usiku hatuna sauti. Fainali ya tarehe 5 Juni niliisikia nikiwa baharini: Olimpia ya Paraguay amepigwa 3-0, Luis Pérez mawili, Leonel Herrera moja. Kombe la kwanza na hadi leo la pekee kwa klabu ya Chile. Najua mmeuliza ya kulia, hii ni ya furaha, lakini nimeona niiseme nikiwa bado hai.

Nuru

Shikamoo mzee. Huyo mbwa alifanywa nini?

Mwana wa Jangwani

Mbwa jina lake nani?

Baharia Mstaafu

Marahaba. Aliitwa Ron. Mashabiki walimfanya shujaa, hakuadhibiwa na mtu.

Kijani wa Playa Ancha

Naona sasa ni uzi wa mbwa. Lakini nakiri, siku ile hata Valparaíso walimshangilia.

Mama Kevo

Mbwa kuuma mtu akiwa kazini si jambo la kushangilia, hata kama ni mchezaji wa Boca. Yule kipa alikuwa na mama yake anamwangalia kwenye televisheni.

Mwana wa Jangwani

Mama, kipa aliendelea kudaka.

Mzee Njiro

Niruhusuni niseme jambo kuhusu Estadio Nacional, maana dada Asha ameugusa uwanja ule na nimeshindwa kulala.

Nilifanya kazi Santiago na mtu aliyefungwa ndani ya uwanja ule mwaka 1973. Juni ya mwaka huo Colo-Colo ya Caszely na Chamaco Valdés ilipoteza fainali ya Libertadores kwa Independiente ya Argentina, mechi ya tatu, Montevideo, 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwezi wa tisa jeshi likapindua serikali, na uwanja ule ule walikochezea fainali ya marudiano ukageuzwa kambi ya mateso. Mwenzangu alinionyesha sehemu ya jukwaa, lango namba 8, ambako wameacha mabenchi ya zamani ya mbao bila kuyagusa, kila mahali pengine pamewekwa viti vipya. Siku ya mechi, hata uwanja ujae vipi, pale hapakaliwi. Alipita mkono juu ya ubao mmoja kama anafuta vumbi, akaniambia twende.

Na Caszely, huyo ndiye ninayetaka vijana wamjue. Mwenyewe amesimulia alivyokataa kumpa mkono Pinochet, jenerali aliyeongoza mapinduzi yale, mwaka 1974, kabla timu ya taifa haijaenda Kombe la Dunia. Mama yake alikamatwa akateswa. Mwaka 1988, kwenye kura ya kumkataa Pinochet, mama yule alitokea kwenye televisheni akasimulia kwa utulivu aliyofanyiwa, kisha mwanaye akatokea, akasema yeye atapiga kura ya hapana, na kwamba huyo ni mama yake. Mwenzangu alisema mtaa wao mzima ulinyamaza, na yule ni mfungaji wa Colo-Colo, nyumba zote zinamjua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku mbaya ya Colo-Colo, simtaji Pachuca.

Asha wa Independencia

Mzee, nimekuelewa. Asante.

Nuru

Nilikuwa naogopa kuandika ya kwangu baada ya hiyo, lakini naiandika. 17 Februari 2021, mji wa Talca, mechi moja ya kuamua nani anashuka, Colo-Colo na Universidad de Concepción. Sisi, klabu pekee isiyowahi kushuka daraja Chile! Korona, viwanja vitupu. Nilikuwa na mwenzangu wa chumba, shabiki wa La U, yaani Universidad de Chile, mahasimu wetu, ambaye mwaka mzima alikuwa ananitania kwamba karibu tutaijua njia ya daraja la pili, wao waliipita 1989. Siku ile hakunitania. Alipika chai akakaa na mimi.

Pablo Solari, kijana wa miaka 19 kutoka Argentina, akafunga. 1-0. Muda wote uliobaki nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni nauangalia mpira kupitia upenyo wa bawaba. Quinteros ndiye alikuwa kocha, na mwaka uliofuata, 2022, akatupa ubingwa na watu wale wale waliokuwa wanatukanwa.

Mama Kevo

Kijana wangu anakwenda kusoma Santiago mwezi ujao, anataka kwenda Monumental. Nishaurini.

Mkazi wa Macul

Akae jukwaa la Océano, aone mpira kwa raha zake. Metro mstari wa 5, ashuke Pedrero. Kitambulisho asisahau, bila hicho haingii.

Asha wa Independencia

Océano ni ya watalii. Aende jukwaa la Arica na Garra Blanca, kundi la mashabiki sugu, angalau mara moja, asimame dakika zote, ndiyo ataijua Colo-Colo.

Mzee Njiro

Mtoto wa watu mnampeleka Arica siku ya kwanza? Aende na mwenyeji, tena siyo kwenye mechi na La U.

Nuru

Siku za mechi kubwa Pedrero huwa wanaifunga, ajiandae kutembea. Na asivae bluu, ni rangi ya La U. Nje ale sopaipilla, vile vitumbua vyao vya kukaanga, zikiwa za moto na pebre, kachumbari yao ya pilipili, ila asiweke pebre nyingi kama hajazoea pilipili yao.

Kijani wa Playa Ancha

Mama, mlete Valparaíso. Basi ni mwendo wa saa moja na nusu, uwanja uko juu ya bahari, na hakuna atakayemuuliza rangi ya shati.

Mkazi wa Macul

Wakimwona na nyeupe watamuuliza, mkuu. Usimdanganye mzazi.

Mama Kevo

Nimeandika yote. Naomba mtu mmoja aniambie Océano tiketi inanunuliwa wapi, na kama mgeni asiye na namba ya utambulisho ya Chile anaweza kutumia pasipoti.