Tumechanga 640,000 kwa watoto wasiosikia vizuri: tununue mashine za kusaidia kusikia au betri zake?

Mama Zuhura (Tanga)

Habarini za jioni wadau. Naomba ushauri wa mliowahi kuendesha mchango wa aina hii, maana Jumamosi tuna kikao na naona dalili zote za kugombana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, nashona sare za shule. Mwanangu ana miaka mitano. Alifika miaka miwili hajaita hata "mama". Mama mkwe akasema ataongea tu, baba yake naye alichelewa. Jirani akasema ana udata, ule utando unaobana ulimi kwa chini. Tukamkata udata, hakuongea. Siku moja mfuniko wa sufuria ukanidondoka sakafuni nyuma yake, paka akaruka mpaka dirishani, mtoto akaendelea kupanga vizibo vyake vya soda. Nilikaa chini palepale jikoni.

Vipimo tulifanyia Dar. Sikio la kulia desibeli 75, la kushoto 80. Nikaelezwa kwamba mtu akiongea kawaida, kwake ni kimya. Baadaye tukapata mashine mbili za msaada, zile za kuvaa nyuma ya sikio. Walipomwashia akatazama juu. Sote tukatazama juu. Kumbe alikuwa anatafuta sauti ya feni.

Sasa raha hiyo ilidumu miezi miwili. Betri zake ni namba 675, zenye kikaratasi cha bluu. Ukikibandua hewa inaingia ndiyo inaanza kazi. Za msaada zilipoisha nikazunguka mji mzima. Fundi saa akanipa za kikokotoo, zinaingia kama zimezaliwa humo, lakini sauti inafifia na siku ya tatu zimekufa. Halafu ule mpira unaoingia sikioni kupitisha sauti ya mashine ukawa mdogo, maana sikio linakua, mashine ikaanza kupiga mluzi mpaka mwalimu wa chekechea akaniomba nimvue mtoto. Zikakaa kabatini miezi minne.

Kliniki nilikutana na wazazi wenzangu, leo tuko kumi na mmoja. Tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha madrasa, kila mmoja 2,000. Mwezi uliopita imamu alitutangazia baada ya swala ya Ijumaa, na kanisa la mtaa wa pili nao wakapitisha kapu. Jumla 640,000. Mfanyabiashara mmoja aliyetoa 200,000 peke yake anataka zinunuliwe mashine mbili, wakabidhiwe watoto wawili mbele ya watu, tupige na picha. Mweka hazina wetu yuko naye. Mimi nikasema betri, mipira mipya na nauli ya kwenda kurekebishiwa. Nimeonekana mchoyo, kwamba wangu anazo tayari ndiyo maana sitaki wengine wapate.

Wengine nao wanasema tuachane na mashine, watoto wapandikizwe kifaa cha kusikia ndani ya sikio kwa upasuaji, hospitali ya Muhimbili, kama wale wa 2017.

Nyie mlifanyaje?

---

Mwalimu Mstaafu (Kilimanjaro)

Mama Zuhura, pole na hongera. Nimefundisha watoto viziwi miaka 23. Katika shule moja niliyopita, ambayo siitaji, palikuwa na kabati la chuma ofisini. Nililifungua nikitafuta chaki nikakuta mashine zaidi ya arobaini, nyingine zina majina ya watoto kwenye plasta. Zote zilikuja kwa sherehe na zote ziliishia pale, kwa betri na kwa ule mpira. Kwa hiyo hoja yako si uchoyo hata kidogo.

Tena huyo tajiri wenu mwambieni jambo moja: mashine haichukuliwi dukani kama redio. Inarekebishwa kufuata kipimo cha sikio la mtoto husika. Ukimpa ambayo haijarekebishwa ni kama kumvalisha miwani ya babu yake. Hao wawili mliowachagua wamepimwa lini? Kama bado, mashine haina pa kuanzia.

Kuhusu upandikizaji: ni kweli Muhimbili walianza 2017, kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Lakini watu wanadhani ukishapandikizwa umemaliza. Sehemu ya nje nayo inakula umeme, inaharibika, na mtoto anahitaji kufundishwa kusikia kwa miaka. Asiyeweza kutunza betri ya mashine hii atashindwa na ile. Tena si kila mtoto anaihitaji. Kwa 75 na 80, mashine iliyorekebishwa vizuri na kuvaliwa kutwa nzima inaweza kumfikisha mbali.

Kinachonisumbua kwenye maelezo yako ni kwamba hujataja mtu wa kumfundisha mtoto matamshi. Najua ni kwa nini: hawapo. Makerere walianzisha shahada ya fani hiyo 2008, nchi hizi zote jirani zilikuwa hazina, na mpaka leo wanaohitimu ni tone. Basi wewe ndiye mtaalamu. Kila asubuhi kabla ya chai simama nyuma yake kidogo, ziba mdomo kwa upindo wa khanga asisome midomo, tamka: mmm, uuu, iii, aaa, shhh, sss. Kila akisikia moja anatumbukiza kizibo kimoja kwenye kikombe. Vizibo si anavyo! Siku asiposikia "sss" wakati jana alisikia, ujue betri inaisha au kuna nta kwenye mrija. Dakika tatu tu. Nimeona wazazi wasiojua kusoma wakigundua hitilafu kwa njia hii kabla ya fundi.

Na msiwasahau watoto wanaotoa usaha masikioni hapo mtaani. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 limesema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Kumlipia mtoto nauli ya kituo cha afya leo ni nafuu kuliko mashine baada ya miaka mitatu. Na asitiwe mafuta ya taa wala maziwa ya mama sikioni, tafadhali.

---

Kapera wa Bomba Mbili

Mimi naomba kuuliza tu, hiyo 640,000 iko kwa nani? Kuna risiti? Mtaani kwetu tulichangia kiti cha magurudumu, mpaka leo kiti hatujakiona ila mwenyekiti ana pikipiki.

---

Fundi Chuma (Mombasa)

Assalaam alaykum. Mimi si mzazi wa kiziwi, mimi ndiye kiziwi mwenyewe. Nimepiga nyundo na grainda Changamwe miaka thelathini bila kuziba masikio. Ilianza kama nzi amenaswa ndani ya kichwa, halafu sauti za wanawake na watoto zikaenda, nikabakia na za wanaume, kisha hata hizo.

Dadangu, nakwambia jambo ambalo watu wazima hatulisemi. Nilikuwa naenda baraza kila jioni, kahawa na halua. Wakicheka nacheka, wakinyamaza nanyamaza. Siku moja nikacheka peke yangu. Kumbe palikuwa pakisimuliwa msiba. Sikurudi baraza miaka miwili. Mke wangu akadhani nina hasira naye, kumbe sikusikii mama.

Mashine nilinunuliwa na wanangu, nikaificha kwenye droo kwa aibu. Iliyonitoa ni mjukuu wangu. Huku kwetu tangu 1984 kuna vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, nikampeleka huko kwa sababu hasemi sawasawa. Pale nikaona katoto ka miaka minne kamevaa mbili, za waridi, kanacheza. Mimi na mvi zangu naogopa nini?

Kwa hiyo ushauri wangu: huo mfuko usiuite wa watoto peke yake. Waingize wazee. Mzee akianza kusikia adhana anatoa pesa bila kuombwa, na wenzake wakimuona amevaa na wao watakwenda kupimwa. Sisi hapa tuko wazee sita sasa, tunaagiza betri pamoja kutoka Nairobi, inapungua bei.

Jambo la pili, unyevu. Tanga na Mombasa ni jasho moja. Usiku toa betri, acha kimlango wazi, weka mashine ndani ya kopo lililokauka, lifunge. Betri yenyewe usiiweke humo, itakauka ife.

---

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka minne. Nimesoma uzi wote, sijaona mtu hata mmoja aliyetaja lugha ya alama.

Mama Zuhura, mwanao ana miaka mitano. Kati ya miaka miwili na sasa umezungumza naye nini? Siulizi kwa ubaya. Mama yangu alinipenda sana, lakini mpaka namaliza darasa la saba mazungumzo yetu yalikuwa kula, lala, njoo, acha. Mashine ikifanya kazi, vizuri. Ikiharibika, mtoto abaki bila lugha miezi minne? Alama hazihitaji betri.

Mwalimu atasema alama zinamfanya mtoto mvivu wa kuongea. Nimesikia hayo maisha yangu yote. Mdogo wangu anasikia, alijifunza alama kwangu, na anaongea mpaka tunamwomba anyamaze.

Ombeni kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mtu kiziwi aje Jumamosi kuwafundisha wazazi Lugha ya Alama ya Tanzania. Mlipeni nauli na cha mchana. Na msiwaite watoto wenu mabubu, hata kwa utani, hata bibi zao.

---

Mwalimu Mstaafu (Kilimanjaro)

Sikusema hivyo, Mikono Inasema, ila nakiri zamani nilifundishwa hivyo chuoni na niliwapiga watoto viganja kwa sababu ya alama. Umesema kweli. Jumamosi zao ziwe na vyote viwili.

---

Mama Zuhura (Tanga)

Nimechelewa kurudi, leo nilikuwa na sare thelathini za kumaliza.

Kwanza wa bomba mbili: hela ziko kwenye laini ya simu ya kikundi, namba ya siri wanaijua watu wawili kila mmoja nusu, na daftari linasomwa kila Jumamosi kwa sauti. Kiti chenu poleni.

Mikono Inasema, swali lako lilinichoma, nimelia kidogo kwenye cherehani. Ulizotaja ndizo zetu: kula, lala, njoo, acha. Tuna na "twende". Nimeshaongea na mwenzangu mmoja, tutamtafuta huyo mwalimu.

Jana nilimfuata yule mfanyabiashara dukani kwake. Sikubishana. Nilimpeleka mtoto, nikamtoa mashine nikamwambia amwite. Akaita mara tatu, akaita kwa nguvu mpaka wateja wakageuka. Nikatia betri mpya, niliyoazima kwa mama mwenzangu, akaita tena kwa sauti ya kawaida, mtoto akageuka. Akaniuliza hiyo betri shilingi ngapi. Nikamwambia pakiti ya sita elfu kumi na mbili, na kwa masikio mawili inamaliza mwezi na kidogo. Akasema kumbe. Anataka bado kupiga picha, lakini sasa apige na boksi la betri, na mimi sina shida na hilo. Wale watoto wawili tutawalipia nauli wapimwe kwanza. Mweka hazina bado amenuna.

Asubuhi hii nimejaribu zile sauti sita na vizibo. Tano amesikia. "Sss" hakusikia, ila nadhani alikuwa anasikiliza jogoo wa jirani.

Mzee wa Mombasa, hilo kopo unanunua wapi? Na ndani unaweka kitu?

---

Fundi Chuma (Mombasa)

Hununui, mama. Kopo la maziwa ya unga, lioshe, lianike likauke kabisa. Ndani weka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu vipya, lakini viwe vya sanduku ambalo halijafunguliwa. Vilivyokaa wazi vimeshakunywa maji. Mimi humwomba muuza viatu pale Kongowea, ananicheka ananipa. Sasa namsikia anavyonicheka.